Tasnifu Imepita, Kitabu Kimekataliwa Siku ya Tisa

SWALI

Ndugu Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja hapa Mwanza. Mwaka juzi nilihitimu shahada ya uzamivu. Tasnifu yangu inahusu biashara ya dagaa katika mialo mitatu ya mkoa huu (fukwe za ziwa ambako wavuvi hushusha samaki), kuanzia miaka ya 1980 hadi 2015, hasa akina mama wanaonunua dagaa wabichi asubuhi na kuanika. Nilichokikuta ni kwamba wengi wao huwatangulizia wavuvi fedha kabla giza halijaingia, yaani kabla ya zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa kwa taa. Anayetanguliza fedha ndiye mwenye kauli ya bei asubuhi, hata kama mtumbwi, nyavu na taa ni mali ya tajiri. Ila mvua ikiwakuta dagaa mchangani, hasara ni ya mama peke yake.

Watahini waliipenda. Mmoja alisema, "Hiki ni kitabu tayari." Nikaichukua tasnifu yote, kurasa 412, maneno 118,000, nikaiambatisha na barua fupi, nikaituma kwa mchapishaji mmoja wa vitabu vya kitaaluma huko ng'ambo. Siku ya tisa nikajibiwa kwa mistari mitatu: kazi ni nzuri lakini haiendani na orodha yao, na wao hupokea andiko la kupendekeza kitabu, si tasnifu. Msimamizi wangu amestaafu, na idarani sioni aliyewahi kuandika andiko la namna hiyo.

Ikisiri yangu, yaani muhtasari wa tasnifu, inaanza hivi: "Utafiti huu ulichunguza mchango wa wanawake katika mnyororo wa thamani wa dagaa katika mialo mitatu ya Ziwa Victoria, Mwanza, kwa kutumia mkabala mseto." Je, nianzie hapo? Ni lazima nimalize mswada wote kwanza? Nimeshatoa makala mbili kutoka kwenye tasnifu, na tasnifu yenyewe ipo kwenye tovuti ya chuo, nimejiharibia? Kuna kampuni imeniandikia barua pepe ikisema imevutiwa na tasnifu yangu na itaichapa bure ndani ya wiki tatu, niwape? Na mwisho, akina mama wa mwaloni wananiuliza kitabu chao kiko wapi, nao Kiingereza hawasomi. Nafundisha kozi tatu na likizo ya utafiti sina.

Mwandishi Mtarajiwa, Nyegezi

JIBU

Marahaba, Dokta, na hongera ya uzamivu.

Tuanze na hizo siku tisa. Kazi ikishapelekwa kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaoisoma na kuitolea maoni, hukaa miezi miwili, mitatu, wakati mwingine mitano. Jibu la siku tisa lina maana kwamba hakuna mpitiaji aliyeiona. Mhariri alifungua kiambatisho akakutana na jalada la tasnifu, tamko la mtahiniwa, ukurasa wa hakimiliki, shukrani, orodha ya vifupisho, orodha ya majedwali. Hadi afike kwenye dagaa ni ukurasa wa ishirini na kitu. Hoja yako hakuikataa, hakuifikia. Na kwa kukuelekeza kwenye andiko alikutendea wema, maana wengi hawajibu kabisa.

Yule mtahini naye alikuwa anakupongeza, na pongezi ya siku ya utetezi ipokelewe kama pongezi. Tasnifu huandikwa kwa watu watatu au wanne ambao ni lazima waisome hadi mwisho, na kazi yake ni kuonyesha kwamba unajua. Kitabu husomwa na mtu asiyekudai wala usiyemdai. Akichoka ukurasa wa sita anakirudisha rafuni. Andiko la kitabu ni hati ya kurasa nane hadi kumi na tano, maneno kama 3,000 hadi 5,000 bila kuhesabu sura za mfano, inayomwonyesha mhariri kwamba umeshamwacha msomaji wa kwanza na sasa unaongea na huyu wa pili. Kwa hiyo ikisiri iache ilipo.

Tazama sentensi yako ya ikisiri. Nani atasimama kusema wanawake hawana mchango kwenye dagaa? Hakuna. Sentensi ambayo hakuna wa kuipinga ina mada, haina hoja. Sasa rudi kwenye barua uliyoniandikia mimi: anayetanguliza fedha ndiye mwenye kauli ya bei asubuhi, hata kama mtumbwi, nyavu na taa ni mali ya tajiri. Hiyo inapingika. Mchumi atabisha, afisa uvuvi atabisha, na tajiri wa mtumbwi atabisha kwa sauti. Kitabu chako kiko hapo, umekiandika bila kujua ulipokuwa unamweleza mtu asiye mtahini. Aya ya kwanza ya andiko inaweza kuwa hivi:

"Inaaminika kwamba katika uvuvi mwenye chombo ndiye mwenye soko. Katika mialo ya dagaa ya Mwanza mambo hayako hivyo. Tangu miaka ya 1980, sangara walipowapunguza furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, na dagaa wakawa samaki wa biashara, bei ya asubuhi imekuwa ikipangwa kabla usiku haujaingia, na wanawake wanaowatangulizia wavuvi fedha. Kitabu hiki kinaonyesha jinsi mkopo huo mdogo ulivyowapa kauli juu ya mali wasiyoimiliki, na jinsi ulivyowabebesha hasara ya mvua ambayo mwenye mtumbwi haimgusi."

Nimetumia maneno yako. Pale ambapo ushahidi wako hauruhusu, punguza. Baada ya aya hiyo endelea kwa kurasa mbili hivi: watu walifikiri nini kabla yako, wewe umeonyesha nini, kwa ushahidi gani, na kwa nini mtu wa Ghana au wa Bangladesh anayesoma juu ya mikopo ya wachuuzi wa samaki aone inamhusu. Kwenye ushahidi usiandike "mkabala mseto". Andika mahojiano mangapi, na nani, miezi mingapi, daftari za madeni za akina mama wangapi, majalada gani ya nyaraka. Mhariri hajali jina la mkabala. Anataka kujua una nini mkononi ambacho mwingine hana.

Kichwa nacho kibadilike. Kichwa cha tasnifu hubeba kila kitu: mada, mahali, miaka, "uchunguzi kifani wa". Kitabu kinataka maneno machache yanayokaa kichwani, halafu kichwa kidogo kinachosema wazi, mfano *Bei ya Asubuhi: Wanawake, Mkopo na Dagaa katika Mialo ya Ziwa Victoria*. Kumbuka pia kwamba samaki huyu huyu Kisumu anaitwa omena na Uganda anaitwa mukene. Majina yote matatu, pamoja na lile la kisayansi, *Rastrineobola argentea*, yawemo kwenye maelezo mafupi ya kitabu. Watu wa maktaba na mitambo ya kutafutia vitabu hufuata maneno hayo, na mtafiti wa Jinja hatakipata kitabu chako kwa kuandika "dagaa".

Sasa sura, ambako ndiko maandiko mengi ya kwanza hufia. Bila shaka tasnifu yako imepangwa kama zetu nyingi: utangulizi, mapitio ya kazi tangulizi, mbinu, kisha sura ya nne kwa lengo mahususi la kwanza, ya tano kwa la pili, hadi hitimisho na mapendekezo. Mpangilio huo unamfaa anayetaka kuhakiki kama malengo yametimia. Msomaji wa kitabu hajui malengo yako mahususi wala hayamhusu. Mpangie sura kwa mambo yenyewe yanavyofuatana mwaloni, kila moja ikiisogeza ile hoja hatua moja:

Furu Walipopotea (jinsi dagaa walivyogeuka biashara). Fedha Kabla ya Giza (mkopo wenyewe, nani humpa nani, kwa masharti gani). Karabai hadi Sola (taa zilipobadilika, gharama za tajiri zilibadilikaje, na mkopo je). Mchanga na Chanja (kazi ya kuanika na daraja za bei). Mvua. Gunia Kwenda Kirumba (soko la jumla la Mwaloni, na wanunuzi wa Kongo).

Sura sita, utangulizi na tamati. Ona kwamba "wadau" na "changamoto" hazina sura yake. Wadau wanaonekana wakifanya kazi, na changamoto inaitwa kwa jina lake, mvua.

Kila sura iandikie muhtasari wa maneno 200 hadi 300. Kosa la kawaida, tena huonekana kwenye andiko hadi andiko, ni kila muhtasari kuanza na "Sura hii inajadili". Ukijadili mara nane mhariri hajui umesema nini hata mara moja. Muhtasari useme swali, ushahidi, jibu, na unavyokabidhi kijiti kwa sura inayofuata. Ule wa Mvua, kwa mfano, ungefungua hivi: "Dagaa wabichi wakishapimwa ndoo kwa ndoo kutoka mtumbwini, hatari yote inahamia mchangani. Mvua ikinyesha kabla ya saa sita, mzigo uliokusudiwa kuliwa na watu huuzwa kama chakula cha kuku. Sura hii inafuata daftari za wanawake ambao mvua iliwakuta wakiwa wameshatanguliza fedha za giza linalofuata, na inadai kwamba..." Hapo weka dai lako. Kama huna dai la sura, basi hiyo haijawa sura, ni mkusanyiko wa nukuu za mahojiano. Iunganishe na jirani yake.

Hesabu ya maneno ifanye mapema, kwa kalamu. Wachapishaji wengi wa kitaaluma hutaka kitabu cha kwanza kiwe kati ya maneno 70,000 na 100,000, tena pamoja na tanbihi na marejeleo. Wewe una 118,000. Tuseme yamegawanyika hivi: utangulizi 9,000, mapitio 16,000, mbinu 11,000, sura nne za matokeo 58,000, hitimisho na mapendekezo 7,000, marejeleo 8,000, viambatisho 9,000. Viambatisho vyote vinatoka; dodoso halina msomaji. Mapitio yanavunjwa: maneno kama 2,000 yanaingia utangulizini, yaliyobaki yanageuka tanbihi fupi au yanatupwa. Mbinu inabaki kurasa nne utangulizini. Matokeo yakiondolewa majedwali na nukuu zinazorudia jambo lile lile yanabaki 50,000. Furu Walipopotea ni sura mpya, 9,000. Utangulizi unaandikwa upya kabisa, 9,000. Tamati 5,000 bila "mapendekezo kwa serikali". Tanbihi na marejeleo 12,000. Jumla 85,000. Mgawanyo wako halisi utatofautiana, lakini namba ya mwisho iandike kwenye andiko, pamoja na idadi ya picha, ramani na majedwali, maana mhariri anapiga gharama kwa namba hizo. Ukiandika "takribani kurasa 300" hajui kurasa za ukubwa gani.

Na kuna kifungu cha aya moja au mbili kinachosema waziwazi uhusiano wa kitabu na tasnifu. Usiifiche. Sema kipi kimeondolewa, kipi kimeandikwa upya, kipi ni kipya. Hapo hapo ndipo pa kuzitaja makala zako mbili na tovuti ya chuo. Hujajiharibia. Makala mbili nzuri ni ushahidi kwamba wataalamu wengine wameshaupima utafiti wako. Tatizo huanza pale theluthi ya kitabu au zaidi inapokuwa imeshatoka, kwa sababu maktaba haitanunua ilichonacho. Kwa hiyo ya tatu na ya nne zisubiri. Soma mkataba uliosaini na kila jarida uone kama unahitaji kibali cha kurudia maandishi hayo, na kibali kiombe sasa. Tasnifu kuwa wazi mtandaoni ni jambo la kawaida siku hizi. Mhariri atauliza tu kitabu kinatofautianaje nayo, na jibu umeshaliandika.

Sehemu inayowatoa watu jasho ni vitabu shindani. Chagua vitano hadi saba, vya miaka kumi hivi iliyopita isipokuwa kimoja cha zamani ambacho kila mtu hukitaja. Viwe vitabu, tasnifu na makala haziuzwi rafuni. Kila kimoja kipe maneno 80 hadi 120: mwandishi, mchapishaji, mwaka, kinasema nini, chako kinaongeza nini. Kuandika kwamba "hakuna kitabu kilichowahi kuandikwa juu ya mada hii" kunamfanya mhariri ahisi mambo mawili, kwamba hujasoma au kwamba hakuna wanunuzi. Na usimponde mtu. Mwandishi unayemponda ndiye anayejua mada yako, na uwezekano ni mkubwa kwamba andiko litapelekwa kwake alipitie. Kwa kitabu cha sangara na viwanda vya minofu, mathalani, inatosha kusema: kinamfuata samaki kutoka kiwandani hadi sokoni Ulaya na kinaeleza vizuri nguvu ya mtaji wa nje; changu kinabaki ufukweni na samaki ambaye hauziki Ulaya, na kinauliza mtaji wa ndani, tena wa shilingi kidogo kidogo, unatawala vipi. Umemheshimu, na umejitenga naye.

Kwenye wasomaji, ile sentensi ya "wasomi, wanafunzi, watunga sera na umma kwa ujumla" ifute kabla hujaiandika. Taja kozi kwa jina la fani na ngazi: historia ya uchumi ya Afrika Mashariki, jinsia na kazi, mifumo ya chakula, mwaka wa tatu na umahiri. Taja kwamba ziwa ni la nchi tatu, Tanzania ikiwa na asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6, na kwamba taasisi ya uvuvi ya nchi hizo ina makao yake Jinja. Hao ni wasomaji wanaohesabika.

Wasifu uwe kurasa mbili hadi nne. Warsha za siku moja ziache.

Umeuliza kama mswada wote uwe tayari. Hapana, lakini usitume andiko ukiwa huna sura. Andaa mbili: utangulizi mpya, na ile sura ya katikati unayoiamini kuliko zote, nadhani Fedha Kabla ya Giza. Kwa anayeandika kitabu cha kwanza, nyumba nyingi za uchapishaji hutaka kuuona mswada mzima kabla ya mkataba wa mwisho, au hutoa mkataba wenye sharti la mapitio. Kwa hiyo endelea kuandika huku ukisubiri. Tarehe ya kukabidhi mswada iwe ya kweli: miezi 12 hadi 18 baada ya mkataba. Mwenye kozi tatu na mitihani ya kusahihisha akiahidi miezi sita anajitengenezea aibu.

Kuhusu nani wa kumpelekea, chukua orodha yako ya marejeleo na kalamu nyekundu, uhesabu wachapishaji. Anayejirudia mara tano ndiye wa kwanza kumfikiria, kwa sababu tayari anauza kwa watu wanaosoma unachosoma. Kwa kazi kama yako utawakuta James Currey, ambayo sasa ni sehemu ya Boydell & Brewer, Ohio University Press na mfululizo wake wa New African Histories, na Cambridge University Press na African Studies Series. Karibu zaidi kuna Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, ambayo vitabu vyake husambazwa ng'ambo na African Books Collective, na Wits University Press ya Johannesburg. Chagua wawili au watatu. Andiko linaruhusiwa kwenda kwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, mradi useme hivyo kwenye barua. Mswada mzima ni mmoja kwa mmoja. Angalia kwenye tovuti kama wana fomu yao, maana ikiwapo ndiyo utakayojaza, na mpangilio wako utaufuata wa kwao.

Barua pepe umwandikie mhariri kwa jina lake, yule anayesimamia historia au Afrika. Maneno 250 yanatosha: kitabu kinadai nini, urefu na hatua kilipofikia, kwa nini mfululizo wao, kwa kutaja kitabu chao kimoja ulichokisoma kweli, wewe ni nani, kwa mistari miwili. Ambatisha andiko kama faili moja lenye jina lako la ukoo. "Final mpya 2 sahihi" si jina la faili. Wakikuomba majina ya wapitiaji, toa manne au matano. Msimamizi wako, watahini wako na uliosoma nao wasiwemo. Wiki ya nane ikipita kimya, kumbusha kwa mistari miwili.

Mapitio yakirudi yatakuwa mawili, na moja huenda likauma. Mhariri atakutaka uandike jibu la ukurasa mmoja au miwili, na jibu hilo ndilo linaloingia kwenye kikao cha bodi ya uhariri. Eleza utakachobadilisha, sura gani, lini. Usilolikubali sema hulikubali na kwa nini, bila hasira. Mwandishi anayekubali kila kitu humtia bodi wasiwasi kama yule anayekataa kila kitu.

Kampuni ya wiki tatu iache. Wiki tatu hazitoshi hata mpitiaji mmoja kusoma, kwa hiyo hakuna mapitio. Kinachochapwa ni tasnifu yako ile ile na jalada la rangi, kwa bei ambayo hakuna atakayeilipa, na haki zako zikiwa zimeondoka. Mchapishaji wa kweli akija baadaye utamwambia kazi imeshatoka. Kabla hujafikiria cheo, soma kanuni za chuo chako uone kama kitabu kisichopitiwa kinahesabiwa. Tofautisha hao na nyumba zinazotoza ada ya kukiweka kitabu wazi bure mtandaoni. Hiyo ni huduma halali, ila kwa wachapishaji wakubwa mara nyingi hufika pauni 10,000 au zaidi, nayo ni ya hiari. Mrabaha, yaani gawio la mwandishi kutoka kwenye mauzo, usiutegemee: asilimia 5 hadi 10 ya mapato halisi ni kawaida, na wengine hawalipi kitu kwa nakala mia kadhaa za kwanza. Uliza mapema nani anagharimia faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake mwishoni mwa kitabu.

Picha. Fomu za ridhaa ulizosainisha zilisema utafiti wa kitaaluma. Sura ya mama kwenye jalada la kitabu ni jambo jingine. Rudi ukaombe upya, kwa picha husika, na majina kwenye kitabu yabaki ya kupanga kama mlikubaliana hivyo. Picha ya kuchapwa kwa upana wa sentimita 12 inataka nukta 300 kwa inchi, yaani upana wa pikseli kama 1,400. Picha iliyopita WhatsApp imeshakonda, tafuta ya asili. Ramani ichorwe upya, isomeke kwa nyeusi na nyeupe. Usipige picha ya ramani ya mtandaoni.

Muda: jipe giza tatu, yaani miezi mitatu hivi. Giza la kwanza aya ya hoja, kichwa na orodha ya sura. La pili mihtasari na vitabu shindani. La tatu kulainisha zile sura mbili. Saa tano kwa wiki zinatosha ukizilinda.

Na akina mama. Lugha ya andiko hufuata mchapishaji, kwa hiyo ng'ambo utaandika Kiingereza. Lakini mkataba ukija, usiangalie mrabaha kwanza, angalia kifungu cha haki za tafsiri na za matoleo ya nchi nyingine. Mikataba mingi huzichukua zote kwa ujumla. Omba kubaki na haki ya Kiswahili, na omba toleo la jalada laini kwa Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mchapishaji wa hapa. Jalada gumu la Uingereza huuzwa pauni 70 hadi 100, zaidi ya laki mbili za kwetu. Hakuna mwaloni litakakonunuliwa. Wahariri wengi hulikubali ombi hilo, kwa kuwa soko hilo hawakuwa wakilitegemea. Liombe kwa barua pepe, lijibiwe kwa maandishi, liingie kwenye mkataba kabla hujaweka saini. Na toleo la Kiswahili lisiwe tafsiri ya sura zote: Fedha Kabla ya Giza, Mchanga na Chanja, na Mvua zinatosha kitabu cha kurasa 120, nacho unaweza kuanza kukiandika hata sasa.